Shangazi, daftari langu limegeuka chumba cha mtihani

*Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 28, ninaishi Kimara na mdogo wangu wa kike, na ninafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu katika ofisi moja iliyoko Posta. Nilisoma shule ya vipaji maalumu, na tangu utotoni nimekuwa nikiambiwa kwamba nina akili sana. Ninachopitia hakuna anayekiona. Usiku kichwa hakinyamazi. Kwenye vikao huwa nimeshajua tutakapofikia kabla wenzangu hawajaanza, kisha inanibidi nikae saa mbili nikijifanya sijui. Neno dogo la mkuu wangu naweza kulibeba wiki nzima. Nikimweleza mama, hunijibu kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Marafiki hudhani najidai. Nimesoma kwamba watu wa namna yangu husaidiwa na kuandika yaliyo moyoni kila siku, nikanunua daftari, lakini kila nikiandika naishia kuchana kurasa. Nimekuambatanishia picha ya ukurasa mmoja ulionusurika. Je, kuandika kunasaidia kweli, au najidanganya? Na je, nimpe mama daftari hilo asome, labda atanielewa?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma, na ile picha ya ukurasa nimeisoma kwa makini zaidi kuliko barua yenyewe, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo humo. Kuandika kunasaidia, ila kwa namna unavyoandika sasa hakuwezi kukusaidia.

Kabla ya daftari, tuzungumzie hiyo akili. Si kweli kwamba mwenye akili nyingi ameumbiwa mateso. Mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 wa California waliopata alama za juu sana katika vipimo vya akili, na kinyume cha imani iliyokuwapo wakati ule, hakuwakuta wakiwa dhaifu wa afya wala wenye misukosuko ya moyo kuliko wenzao. Ni kweli kwamba wengi wao walipendekezwa kwanza na walimu, na mwalimu kwa kawaida humpendekeza mtoto ambaye mambo yake yanakwenda vizuri, hivyo matokeo hayo yanafaa kupokewa kwa tahadhari. Mwanasaikolojia mwingine, Leta Hollingworth, aliyefanya kazi New York hadi alipofariki mwaka 1939, aliwachunguza watoto waliokuwa juu zaidi ya hao akakuta shida ya namna nyingine: mtoto aliyewazidi wenzake kwa mbali mno alihangaika kumpata wa kucheza na kuzungumza naye. Hapo ndipo ninapokuona wewe. Unachonieleza ni upweke pamoja na mazoea ya kuwaza kupita kiasi, na vyote viwili humpata pia mtu ambaye hajawahi kuongoza darasani hata siku moja. Ninalisisitiza hili kwa sababu mtu akishaamini kwamba maumivu yake ndiyo ushahidi wa akili zake, huanza kuyalinda.

Kuhusu kuandika, ushahidi upo, ingawa si mkubwa kama unavyotangazwa mitandaoni. Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, ambao waliandika kwa dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo. Baadhi yao mambo ya kawaida tu, wengine jambo lililowahi kuwaumiza sana maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walikuwa na huzuni zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefanyika tangu hapo, na zikijumlishwa pamoja zinaonesha kwamba faida ipo lakini kwa wastani ni ndogo. Kinachokuhusu wewe hasa ni kile alichokiona Pennebaker baadaye, alipochambua maneno ya wale waandikaji: waliofaidika ni wale waliokiunda kisa chao kidogo kidogo siku baada ya siku, kikatoka katika vipande vipande kikapata sababu na maana. Kuja siku ya kwanza na kisa ambacho tayari kimenyooka, chenye maelezo yote, hakukumhakikishia mtu nafuu yoyote.

Sasa tuutazame ukurasa wako. Umeanza kwa kusema kwamba hasira uliyokuwa nayo kwa mkuu wako haina mantiki, ukatoa sababu tatu, ukaziwekea herufi (a), (b) na (c), na chini ya sababu ya pili ukaweka pingamizi na kulijibu mwenyewe. Sehemu mbili umerudi kusahihisha tahajia. Katika ukurasa mzima hakuna mahali uliposema huyo mkuu alitamka nini, mbele ya nani, wala wewe ulikaa vipi wakati anatamka. Yote hayo umeyaandika kwa Kiingereza. Kule chini kabisa kuna mstari mmoja wa Kiswahili ulioukata kwa rula, ila wino haukuzifunika herufi zote: "Nilitaka kulia kwenye lifti." Mwanangu, siku ile uliandika mstari huo tu. Mengine yote ni ripoti ya mkaguzi anayekagua hesabu zake mwenyewe, na kwa taaluma yako unajua kwa nini jambo hilo haliruhusiwi.

Kwa hiyo anzia kwenye lifti. Tenga dakika 15 kwa siku nne zinazofuatana, utege kengele ya simu, na ikilia uache hata kama sentensi haijaisha. Siku ya kwanza andika kilichotokea tu: ulikuwa ghorofa ya ngapi, nani alisimama karibu nawe, koo lilikubana vipi, ulitazama wapi ili wasikuone, ulipofika chini ulielekea kituoni au ulibaki umesimama nje. Usieleze kwa nini. Kwa mtu mwenye kichwa chako sababu huja zenyewe hata zisipoitwa, na zikija siku ya tatu au ya nne, baada ya tukio kukaa mbele yako jinsi lilivyokuwa, zitakuwa sababu za kitu ulichokihisi kweli. Tahajia iache ilivyo. Uking'amua kwamba umeanza kuandika kana kwamba yupo atakayekupa alama, andika sentensi hiyohiyo upya kwa maneno ambayo ungemwambia mdogo wako jikoni.

Suala la lugha nakupa kama maoni yangu, si utafiti. Tangu kidato cha kwanza umejifunza kwa Kiingereza, umefanya mitihani yote kwa Kiingereza, na ripoti za ofisini unaziandika kwa lugha hiyo. Si ajabu kalamu ikishika Kiingereza inaanza kutafuta alama. Andika kwa lugha uliyolilia ulipokuwa mdogo, iwe Kiswahili au ya kwenu, na ukizichanganya hakuna atakayekuuliza.

Ipo pia njia ya kubadili nafsi. Mwanasaikolojia Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake wameonesha kwamba mtu anapojizungumzia kwa jina lake, badala ya kusema "mimi", huweza kulitazama jambo linalomuumiza akiwa na utulivu zaidi. Siku utakapoona unazungukia palepale, andika juu ya huyo dada wa Kimara kwa jina lake, alikwenda wapi, aliambiwa nini, na ungemshauri nini angekuwa rafiki yako. Mwanzoni utajihisi unaigiza. Endelea hivyohivyo.

Kuchana kurasa sikukatazi, mradi iwe baada ya siku nne, si dakika ile ile unapomaliza. Kama unachana kwa kuogopa mdogo wako asisome, basi unachohitaji ni droo yenye kufuli, au andika kwenye simu uweke nywila.

Usiku, mambo haya mazito usiyaguse. Kwa kichwa kisichonyamaza kitandani kuna zoezi jepesi zaidi: utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba walioandika kwa dakika tano orodha ya mambo ya kufanya siku zijazo walipata usingizi mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza, na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo mahususi ndivyo usingizi ulivyowahi. Andika basi, "kumpigia mteja kuhusu stakabadhi za Machi" au "kununua gesi", ufunge, uzime taa.

Pia ujue wakati wa kuacha. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alionesha katika tafiti zake za miaka mingi kwamba kuyarudiarudia maumivu na chanzo chake bila kuchukua hatua yoyote hurefusha huzuni, na daftari linaweza kuwa mahali pazuri sana pa kufanyia kosa hilo. Ukimaliza zile siku nne na ukurasa wa mwisho ukawa unasema yaleyale ya ukurasa wa kwanza, liweke pembeni. Upweke ulionieleza hautaondolewa na karatasi. Wale uliosoma nao shule ya vipaji maalumu wametapakaa mji huu huu, na sidhani kama wewe ni wa pekee miongoni mwao unayejifanya hujui kwenye vikao. Mtafute mmoja wiki hii mkae mnywe chai.

Kuna jambo hukuliandika nami nalazimika kukuuliza. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni karibu kutwa nzima, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, na yale uliyokuwa ukiyapenda hayakuvutii tena, hiyo huenda ni sonona, na sonona inatibiwa hospitalini. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, au Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Na kama umefikiria kujidhuru, usisubiri hata siku moja: mwambie mdogo wako leo, akusindikize.

Mama usimpe daftari. Ukiandika huku ukijua kwamba mama atasoma, utaandika kwa ajili ya mama, na utajikuta umerudi kwenye herufi (a), (b) na (c). Zaidi ya hayo, mzazi akikuta kurasa za uchungu wa mwanawe bila wewe kuwapo, atashikwa na hofu kabla hajaelewa. Nenda nyumbani siku ya mapumziko, keti naye mkiwa wawili tu, umweleze ile siku ya lifti kwa mdomo wako, ukianza na kilichotokea na si sababu zake. Mwambie mapema kwamba huna haja ya ushauri kwa sasa, na kwamba unaomba akusikilize mpaka umalize. Akikukatiza katikati, mruhusu aseme lake, kisha uendelee pale ulipoishia.