Ukiwa na Saa Chache Nairobi, Fuata Reli

Wageni wangu wengi huipitia Nairobi wakielekea kwingine. Wamekuja na treni ya usiku kutoka Mombasa, ndege yao ni ya usiku, na wote huuliza: nitaona nini kwa muda huu mfupi? Jibu langu halibadiliki. Waache twiga wa Lang'ata, uache mtaa wa Karen. Kuzuri huko, lakini msongamano wa magari utakula nusu ya siku yako ukiwa umeketi garini. Baki katikati ya mji, tembea kwa miguu, na ufuate kisa kimoja tu: reli.

Mji huu ulizaliwa na reli. Mwaka 1899 wajenzi walipofikisha hapa njia ya Reli ya Uganda iliyotoka Mombasa, waliweka kambi na karakana penye kinamasi na malisho ya Wamaasai. Kila jengo kongwe utakalolipita lilikuja baadaye.

Kwa hiyo anzia Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani. Hapa usiharakishe hata kidogo. Ni heri ukose mengine yote. Kuna behewa la mbao ambalo mwaka 1900, pale stesheni ya Kima, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alilala akimvizia simba aliyekuwa akiwala wafanyakazi. Simba akaingia behewani, akamburuta hadi nje kupitia dirishani. Simama mbele ya dirisha hilo, litazame upana wake, kisha mfikirie mtu mzima akipitishwa hapo. Kusoma kisa hiki ni kitu kimoja, kuliona dirisha ni kingine kabisa.

Nje kuna injini za mvuke. Itafute Mount Gelai, moja kati ya injini 34 zilizoundwa Manchester miaka ya 1950, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ina uzito wa zaidi ya tani 250. Ukisimama kando ya magurudumu yake utaelewa jinsi mizigo ya bandarini ilivyopandishwa hadi huku juu.

Ukitoka hapo, nenda hadi Haile Selassie na Moi Avenue zinapokutana. Ubalozi wa Marekani ulikuwa hapo hadi Agosti 7, 1998, bomu lilipoua zaidi ya watu 200. Leo ni bustani ya kumbukumbu, na majina yao yameandikwa ukutani. Ingia, usome machache. Sisi wa Nairobi hatuipiti kona hii kama kona nyingine.

Ifuate Moi Avenue mpaka kwenye sanamu ya Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi barabara hii hii Julai 5, 1969. Mkabala wake ni Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, ndani ya jengo lililokuwa benki. Watu huligeuza mahali pa kukutana, wakaishia mlangoni, jambo linaloniuma. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966: vinyago, vito, silaha, nguo kutoka pande nyingi za Afrika. Tenga saa nzima. Jumapili usijisumbue kwenda, panafungwa.

Msikiti wa Jamia na maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, yenye simba wa mawe mlangoni, vyatosha kutazamwa kwa nje ukipita. Njaa ikikubana, kula chapati na madondo, yaani maharagwe, kwenye hoteli ndogo za mjini. Chakula huwa tayari, hungoji. Kisha pumzika Jeevanjee, bustani ambayo mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliupa mji mwaka 1906. Mchana utawakuta wahubiri na wasikilizaji wao chini ya miti.

Simu iwe mfukoni, begi liwe mbele, na pesa za matumizi ziwe kwenye M-Pesa.

Muda upangwe kuanzia mwisho. Ndege ya kimataifa ikiwa ya saa tatu usiku, uwe uwanjani saa kumi na mbili jioni, basi saa kumi alasiri uwe umeshaingia kwenye gari. Mvua ikinyesha, toka saa tisa. Mwambie dereva apitie barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, mkubaliane kabla ya kuondoka ni nani atalipa ada yake.