Jibu: Wiki tatu za mafunzo ya sauti New York, niende?

Dada, umeuliza kama wiki tatu za mafunzo ya sauti kiangazi zinatosha kumwandaa mwimbaji anayeanza kwenye tamthilia za muziki. Nenda, ila uliza kwanza ratiba: saa ngapi za kuimba kwa siku, na saa ngapi za kupumzika?

Hilo ndilo linaloniuma. Ukiimba noti ya hezi 440, nyuzi za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde. Sasa piga hesabu ya saa sita za belti, ile sauti ya kifua inayopandishwa juu kwa nguvu. Mimi nilirudi kutoka kozi ya namna hiyo nimekauka koo, nikanyamaza siku kumi. Mwalimu mzuri atakuanzisha na mrija: unavumisha sauti kupitia mrija wa soda, shinikizo linarudi nyuma na nyuzi zinafanya kazi bila kuumizana. Profesa Ingo Titze, mtafiti wa sayansi ya sauti, ameutetea sana mrija huo.

Broadway, yale majumba makubwa ya tamthilia New York, ni maonyesho 8 kwa wiki, kwa hiyo jifunze kudumu kabla ya kupaza. Na andaa vipande vyako vya wimbo vya baa 16 (vipimo vya mapigo ya muziki), usaili mwingi huanzia hapo. Sauti ikikwaruza, nyamaza, usinong'one.