Sakafu ya juu inavuja: usikimbilie saruji

Dada, umeuliza kama umruhusu fundi amwage saruji juu ya sakafu ya juu, yaani paa bapa, ya nyumba ya bibi yako hapo mtaa wa Langoni, Lamu, kwa kuwa inavuja. Mzuie kwanza. Boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa hucheza kidogo kwa joto na unyevu. Saruji ni ngumu, haichezi nazo, hupasuka. Maji yakishapenya chini yake hayana pa kutokea, yanabaki kuozesha boriti. Na uzito wake je?

Zibua tundu za kutolea maji, maana majani ya mwarobaini na kinyesi cha njiwa huziba. Kisha mwaga ndoo mbili uone maji yanatuama wapi. Nyufa zichimbuliwe, zisafishwe, zilowanishwe, zizibwe kwa chokaa na mchanga usio wa chumvi, kisha zifunikwe magunia mabichi zisikauke upesi. Ifanywe wakati wa kaskazi, kabla ya masika ya Aprili.

Ndani, dunga boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, hiyo ni ya kubadilisha. Tangi la maji nalo likae juu ya ukuta, si katikati ya chumba.