Ushauri kwa kijana anayetaka kuishi kwa magongo ya barafuni

Vijana wengi wanaoota kulipwa kwa kucheza magongo ya barafuni huhesabu mabao. Kocha anayeamua nani abaki kikosini huangalia miguu: mchezaji anarudije kukaba sekunde ya thelathini na tano ya zamu yake barafuni, pumzi ikiwa imekata. Kwa hiyo anza na miguu, na miguu huanza na viatu.

Kiatu cha barafuni huwa kidogo kuliko cha mitaani, kwa kawaida kwa namba moja hadi moja na nusu. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu; ukikunja magoti, virudi nyuma viache kugusa, na kisigino kisicheze hata chembe. Kiatu kipya hupashwa moto kwenye oveni ya dukani kisha kikashika umbo la mguu wako. Usikubali kununuliwa kikubwa "atakua tu", maana kifundo kitalala pembeni na mtoto atajifunza kuteleza vibaya kwa miaka miwili.

Kisu cha kiatu, yaani chuma cha kutelezea chini yake, kina mfereji katikati na makali mawili pembeni. Kina cha mfereji huo hutajwa kwa inchi za nusu kipenyo cha duara la jiwe la kunolea. Nusu inchi ni mfereji wa kina: unang'ata barafu vizuri kwenye kona lakini unakula nguvu za mwendo. Inchi tano ya nane (5/8) ni mfereji wa kina kifupi zaidi: unateleza mbali, unashika kidogo. Mchezaji mwepesi kwenye barafu ngumu huhitaji kina zaidi kuliko mzito. Jua namba yako na umtajie fundi kila unaponoa. Ukirudishiwa viatu, weka sarafu bapa juu ya makali na uiangalie kutoka mwisho wa kisu. Ikiinama upande mmoja, makali hayalingani, na mguu utakukimbia katikati ya kona bila onyo. Ukitoka barafuni futa visu vikauke, uvivalishe vifuniko vya kitambaa. Vile vya plastiki ngumu ni vya kutembelea tu. Ukivihifadhia viatu vinatunza maji, na kutu hula makali usiku mmoja.

Sasa zamu, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, lakini wewe utaingia kwa sekunde 40 hadi 50 tu, kwa nguvu zote, kisha utoke. Anayeng'ang'ania hadi sekunde 70 hajitesi peke yake: anamwibia mwenzake zamu na kuacha pengo nyuma. Toka wakati timu yako imeupeleka paki (kile kisahani cha mpira kinachochezewa) ndani kabisa kwa wapinzani, si wakati wanakuja. Kipindi cha pili ndicho cha kuogopa. Timu hubadilishana magoli, kwa hiyo benchi lenu linakuwa mbali na goli mnalolinda, na beki aliyechoka hana njia ya kutoka haraka. Akipiga paki ovyo kutoka nyuma ya mstari wa kati hadi uvuke mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa, mchezo husimama, mpambano wa kuanzisha mchezo unarudishwa kwenye eneo la timu yake, na kanuni za NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, zinawazuia wenzake na yeye kubadilishwa. Watu watano waliochoka wanakabiliana na watano wapya. Mabao mengi ya namna hiyo huonekana kama kosa la kipa, kumbe yalianza na zamu iliyopitiliza kwa sekunde 20.

Ukutani, yaani kwenye ubao unaozunguka kiwanja, usiingie kichwa kikiwa chini. Hatua moja hadi mbili kutoka kwenye ubao ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, kwani ukisukumwa hapo unaanguka ukitanguliza kichwa. Ama ushikamane na ubao, ama ukae mbali, na uangalie nyuma ya bega kabla ya kuufikia paki. Vaa kinga ya shingo hata pale isipolazimishwa. Mchezaji Adam Johnson alifariki Oktoba 2023 huko Sheffield, Uingereza, baada ya kukatwa shingo na kisu cha kiatu, na hilo linatosha.

Njia ya kupanda ina matawi. Kanada kuna ligi kubwa za vijana, OHL, WHL na QMJHL, na Marekani kuna vyuo vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo. Zamani aliyegusa ligi hizo tatu alijifungia mlango wa kuchezea vyuo hivyo. Tangu Agosti 2025 sivyo tena, kwa hiyo puuza ushauri wa miaka ya nyuma, hasa kutoka kwa mzazi ambaye mwanawe alishamaliza. Ligi hizo huahidi kulipia masomo kwa kadiri ya misimu uliyocheza. Soma masharti: kuna muda wa kuanza chuo, na kusaini mkataba wa kulipwa kunaweza kuufuta msaada huo.

Drafti ya NHL, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji chipukizi, ina raundi 7 na timu 32, yaani majina 224 kwa mwaka. Kukosa si kufa: Martin St. Louis hakuchaguliwa kabisa, na leo yumo katika Jumba la Wakongwe Mashuhuri. Kwa aliyeanzia Nairobi, ambako kiwanja kilikuwa kidogo ndani ya hoteli, njia ni ndefu zaidi, lakini Kenya sasa ni mwanachama wa shirikisho la dunia, IIHF, tangu 2024, na hilo linafungua mashindano rasmi.

Mkataba wa kwanza wa NHL kwa aliyesaini akiwa na miaka 18 hadi 21 ni wa miaka 3, na mara nyingi una mishahara miwili. Kima cha chini cha mshahara wa NHL msimu wa 2025–26 kilikuwa dola 775,000, lakini hiyo hulipwa kwa siku ulizo kwenye kikosi cha juu. Ukishushwa AHL, ligi iliyo chini ya NHL, unalipwa ule mwingine, mdogo mno. Usisaini nyumba kwa hesabu ya mshahara wa juu. Kumbuka pia kuna fedha zinazoweza kukatwa kwenye mshahara na kuwekwa kando ili wachezaji na wenye timu wagawane mapato nusu kwa nusu. Huenda zikarudi pungufu. Toa kodi, toa wakala, ndipo ujue ulichonacho.

Ukipata ofa Uswidi, Ujerumani au Uswisi, uliza kabla ya kuuliza mshahara: kama kuna kikomo cha wageni, nafasi zimebaki ngapi, tarakimu iliyotajwa ni kabla au baada ya kodi, nani analipa nyumba na tiketi, na bima inaendelea miezi mingapi ukivunjika goti. Majibu yawe ndani ya mkataba, si kwenye simu ya wakala.