Tasca za Ureno zisifungwe

Mmeuliza juma hili: ni mahali gani pa kulia chakula, mbali na kwenu, ambapo pakifungwa utaumia, na kwa nini? Jibu langu ni tasca za Ureno, hasa zile za Alentejo, mkoa wa kusini ninakoishi tangu nilipokuja kusoma Évora. Tasca ni mgahawa mdogo wa mtaani. Una meza chache, kaunta, mapipa au majagi ya mvinyo, na mara nyingi mke yuko jikoni na mume yuko mbele kwa wateja. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Mvinyo sinywi, nguruwe sili, na hivyo viwili ndivyo vilivyojaa mle ndani. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba ninachokipenda tasca si kileo wala nyama yake.

Ninachokipenda ni kwamba inalisha mtaa. Kila siku ya kazi, kuanzia saa sita na nusu mchana, watu wale wale wanaingia: mafundi ujenzi wenye vumbi la saruji, makarani wa manispaa, madereva, wajane, wastaafu. Chakula cha siku kimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa kiooni, na kikiisha kimeisha. Meza imetandikwa karatasi nyeupe, na ukimaliza, mwenye tasca anakuja na kalamu anaandika hesabu juu ya karatasi hiyo hiyo mbele yako: supu, samaki, maji, kahawa. Anajumlisha kwa sauti. Hakuna la kuficha.

Kuna pia kitu kinaitwa meia dose, yaani nusu ya sahani, kwa bei pungufu. Mgeni hudhani ni cha watoto. Ni cha wazee. Ureno ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye wazee wengi zaidi, na huku Alentejo vijana wengi wamekwenda Lisbon au nje ya nchi. Mtu wa miaka themanini anayeishi peke yake hana sababu ya kuwasha jiko kwa ajili ya tumbo moja. Anakwenda tasca, anakula nusu sahani, anagombana na wenzake kuhusu mpira, anarudi kulala. Katika tasca ninayokula mimi, mzee mmoja hakuonekana hadi saa saba na nusu. Mama mwenye jiko alitoka na aproni yake, akamwambia mumewe, "Nenda kamgongee." Akaenda kweli, akaacha wateja kaunta. Mzee alikuwa na mafua tu. Alipelekewa supu kwenye kisufuria chenye mfuniko, na kisufuria kikarudishwa kesho yake kimeoshwa. Sijui ofisi ya ustawi wa jamii inayoweza kufanya hivyo ndani ya robo saa.

Sasa chakula. Siku ya kwanza nilipoeleza kwamba sili nguruwe, nilitegemea kuletewa saladi. Yule mama aliniambia, "Keti, mwanangu, nakutengenezea açorda." Akaniruhusu nisimame mlangoni pa jiko nimwangalie.

Alitwanga kitunguu saumu kingi, chumvi ya mawe na fungu zima la kotimiri mpaka vikawa uji wa kijani. Akaumwagia mafuta ya zeituni, mengi kuliko ambavyo ningethubutu mimi. Pembeni maji yalikuwa yanachemka, nayo ni maji yaliyochemshiwa bacalhau, yaani samaki aina ya chewa aliyekaushwa kwa chumvi. Ni papa mkavu wetu kabisa kwa namna anavyorowekwa siku nzima au mbili na kubadilishiwa maji ili chumvi itoke. Mayai yakapasuliwa humo humo majini yakaiva bila ganda. Kisha maji ya moto yakamiminwa juu ya ule uji wa kijani, harufu ikapanda mpaka kwenye meza za mbele, na mwisho kabisa ukaingia mkate wa jana uliokatwa vipande. Mkate usiingie mapema, alisema, unakuwa tope. Nilikula na kuomba tena.

Ukiangalia vizuri, humo hamna chochote cha gharama. Alentejo ilikuwa ghala la ngano la Ureno, na mashamba yake makubwa yalishikwa na makabaila wachache. Waliolima walikuwa vibarua wa kutwa, msimu ukiisha na ujira umekwisha. Walichokuwa nacho ni mkate mgumu wa ngano unaokaa karibu wiki, mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na majani yaliyoota kandokando ya mito. Upishi mwingi wa mkoa huu umetoka kwa watu hao: açorda, supu ya nyanya yenye mkate, na migas, ambayo ni mkate uliokaangwa, kwa kawaida katika mafuta ya nguruwe. Na hao vibarua jioni walikaa tascani wakaimba. Uimbaji wao, cante, hauna ala yoyote. Mmoja anaanza, wa pili anapokea kwa sauti ya juu zaidi, kisha kundi zima linaingia polepole. UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, lakini mimi nimeusikia kwa wazee waliokuwa wamemaliza kula tu, viwiko vikiwa mezani, na nywele zilinisimama.

Katika sehemu za Alentejo kama Vila de Frades na Cuba (mji mdogo wa huku, si ile nchi), mitungi ya udongo ya kuchachushia mvinyo, mingine mirefu kuliko mtu na inayobeba zaidi ya lita 1,000, imesimama ndani ya tasca zenyewe, pembeni mwa meza. Njia hiyo wanaihusisha na zama za Warumi. Mitungi hufunguliwa siku ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, na siku hiyo kijiji kizima kiko nje. Mimi hunywa maji na kula kokwa za mti za kuchoma wanazoziita castanhas, na hakuna aliyewahi kunisukumia glasi.

Mikoa mingine nitaipita haraka kwa kuwa siijui kama huu. Minho, kaskazini, mvinyo mwekundu hunywewa katika bakuli jeupe la kauri, na supu ni caldo verde, viazi vilivyopondwa na sukumawiki iliyokatwa nyembamba kama uzi. Uliza kwanza, maana kipande cha soseji huwekwa wakati wa kupakua, ila wengine huichemsha humo humo. Porto wanakula utumbo na maharage. Trás-os-Montes kuna soseji ya alheira, ambayo simulizi husema ilibuniwa na Mayahudi baada ya kulazimishwa kubatizwa mwaka 1497, wakatia mkate na kuku ndani yake ili majirani wadhani wanakula nguruwe. Simulizi inagusa moyo, lakini alheira nyingi za leo zina nguruwe kweli, kwa hiyo Mwislamu asiitegemee.

Lisbon iko karibu nasi zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Msumbiji na Angola zilipopata uhuru mwaka 1975, karibu watu nusu milioni walihamia Ureno, na wengine wao walikuwa na jadi ya Goa, koloni la zamani la Ureno huko India. Ndiyo maana leo kwenye kioo cha kaunta ya tasca, kando ya vitumbua vya samaki wa bacalhau, kuna sambusa, nao wanaziita chamuça. Fundi bomba wa Kireno anazila kama kitu cha babu yake.

Kuna jambo moja linalowaudhi wageni, nami nataka kulieleza kwa haki. Ukikaa tu, unaletewa mkate, zeituni, pengine jibini. Hukuagiza. Wengi hudhani ni zawadi, kisha wanaziona kwenye hesabu na kusema wameibiwa. Si wizi, ni desturi, na kwa sheria usipovigusa hulipi. Lakini nakubali kwamba katika mitaa ya watalii ya Lisbon desturi hii imegeuzwa mtego, na mwenye tasca anayefanya hivyo anawaharibia jina wenzake wote.

Kinachoziua tasca ni kodi ya pango. Kwa miongo mingi kodi za mikataba ya zamani zilizuiwa zisipande. Sheria ya mwaka 2012 ikaufungua mlango, watalii wakaja kwa wingi, na mwenye nyumba akaona kwamba ghorofa la kupangisha kwa usiku mmoja mmoja linalipa kuliko mzee anayeuza supu. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria ya kulinda maduka na migahawa yenye thamani ya kihistoria, na baadhi zimeokoka. Hata hivyo tasca nyingi hazina vigae vya karne ya 19 wala jina la kujivunia. Zina chakula na watu wake tu, na vitu hivyo haviingii kirahisi kwenye fomu ya manispaa. Mahali pake pamekuja migahawa inayojiita tasca, yenye sahani ndogo na bei kubwa. Chakula chake kinaweza kuwa kizuri. Yule mzee wa nusu sahani hawezi kuingia.

Pia kuna suala la mikono. Watoto wa wenye tasca wamesoma, hawataki kuamka alfajiri kwenda sokoni. Wapo wanaolalamika kwamba majiko ya Lisbon sasa yana wapishi kutoka Cape Verde, Nepal na Brazili, na kwamba huo ndio mwisho wa upishi wa Kireno. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayetwanga kitunguu saumu siku hizi katika tasca yangu ni kijana wa Kinepali, yule mama magoti yamemchosha. Amefundishwa sahani moja baada ya nyingine, na wateja walewale wanarudi. Anayetaka kumsaidia yeye na mama huyo aende mchana wa siku ya kazi, siyo Jumamosi usiku, aagize kilichoandikwa kwenye karatasi ya kiooni, na kama hali nguruwe aseme mapema kabla sufuria haijapanda jikoni.