Picha za beji na sarafu zangu hazifanani rangi, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Mi nauza beji za enameli, sarafu za kumbukumbu na visanamu vya kukusanya, vipo kama 60 hivi na nataka viingie vyote kwenye katalogi moja ya kuchapisha. Napiga kwa simu. Picha nyingine zina njano, nyingine bluu, sarafu zinang'aa mpaka maandishi hayasomeki, afu nilijaribu kuchapisha kurasa mbili rangi zikatoka zimefifia kabisa. Na vile vyenye mikwaruzo nivisafishe kwenye kompyuta?

JIBU: Naanza na la mwisho maana ndo zito kuliko yote. Usifute mkwaruzo hata mmoja. Vumbi lipulize kabla ya kupiga, lakini mkwaruzo, rangi iliyobanduka, boksi lililokunjika kona, hivyo vyote ni sehemu ya kitu chenyewe na mkusanyaji analipia hali yake, akipokea kitu tofauti na picha humpati tena. Na tafadhali sana usiing'arishe sarafu ili itoke vizuri kwenye picha, ukishaisugua thamani imeondoka na hairudi.

Njano na bluu inatokea kwa sababu unachanganya mwanga, taa ya chumbani ina njano na wa dirishani una bluu. Chagua mmoja, mwingine zima au ziba. Weka kadi ya kijivu pembeni ya kitu kwenye picha ya kwanza, rekebisha waiti balansi (mpangilio wa simu unaofanya nyeupe itoke nyeupe) kwa hiyo kadi, halafu ifunge isibadilike tena. Simu iwe kwenye stendi, bandika utepe mezani uonyeshe kitu kinakaa wapi, na ukiweza piga vyote 60 bila kuhamisha chochote, hapo ndo katalogi inaonekana kazi ya mtu mmoja.

Sarafu ni kioo, inaonyesha chochote kilicho mbele yake, kwa hiyo ukiongeza taa unaongeza tatizo tu. Tanua mwanga badala yake, pitisha taa kwenye kitambaa cheupe au karatasi nyembamba, afu izungushe taratibu mpaka herufi zitokee. Ikigoma, simamisha kipande cha kioo safi kwa nyuzi 45 kati ya sarafu na simu, taa ipige kutoka ubavuni, kioo kitashusha mwanga moja kwa moja juu ya sarafu na wewe unapiga kupitia hapo hapo. Mi hii naipenda sana, michoro yote inafunguka. Visanamu ni rahisi zaidi, shusha simu usawa wa uso wake, rudi nyuma na uvute zumu mara 2, ukisogea karibu sana kichwa kinavimba.

Kufifia sasa. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine ya kuchapa kwa wino wa rangi nne, na kuna kijani na bluu kali ambazo wino haufiki, halafu karatasi isiyong'aa inanyonya na kufifisha zaidi. Badilisha mafaili kwenda CMYK, yaani mfumo wa hizo rangi nne za wino, kwa mpangilio atakaokupa mchapaji na udai nakala ya majaribio kwenye karatasi ile ile. Picha ziwe nukta 300 kwa inchi, yaani picha ya upana wa sentimita 10 inataka pikseli kama 1,180, na acha milimita 3 za ziada za kukatwa kila upande wa ukurasa.

Ukiweka vitu vinne kwa ukurasa unapata kurasa 15, na jalada ni 4, jumla 19. Kurasa za kitabu cha kubana kwa pini lazima zigawanyike kwa 4 kwa hiyo fanya 20, ule mmoja uliobaki eleza umepanga vipi madaraja ya hali za vitu. Chini ya kila picha weka namba, jina, mwaka, kipimo kwa milimita (beji na kisanamu vikipigwa picha saizi moja msomaji anapotea), nambari ya toleo kama ipo, mfano 37/500 (cha 37 kati ya 500), na hali. Bei weka kwenye karatasi ya peke yake, zinabadilika hizo. Na faili la picha lipe namba ile ile ya kitu siku hiyo hiyo unayopiga, upande wa mbele A, wa nyuma B, usisubiri mpaka uwe na picha 120 ambazo hujui ipi ni ya nini.