Mbona siyasikii?

Mwanangu Rukia,

Salamu zako nimezipata, na picha za lile tao nimeziona. Unasema mteja wako wa Agosti anataka tao, meza na jukwaa vyote vipambwe kwa maua bandia, hata ua moja la shambani lisiwemo, nawe unaogopea jina la studio yako ya maua. Ukubali au ukatae?

Kwanza nikuulize: huyo bibi arusi ana nyanya aliye hai?

Usinicheke. Unaikumbuka arusi ya ule ukumbi wa ghorofani, mwaka ulioanza darasa la kwanza? Huwezi kuikumbuka, ulilala juu ya maboksi. Ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza baada ya kuacha kushona vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, na nyanyako. Waridi 800 kutoka Naivasha, zimefungwa 20 kwa 20 kwenye karatasi ngumu, zikaja kwa basi la usiku, maana reli hii ya 2017 ilikuwa haijafikiriwa. Nikakata vikonyo mshazari, nikapukutisha majani yote ya chini yasiozeshe maji, nikazisimamisha kwenye ndoo chumbani kwetu. Babako akalala sebuleni siku mbili. Hazikufa hata kumi. Hilo najivunia mpaka kesho.

Alasiri natoka, nyanyako akanipa kikuba. Kimoja tu: asumini ambazo hazijachanua, rihani, vipande vya mkadi, na waridi moja jekundu la uani kwetu, vyote ndani ya jani la mgomba lililorowa maji. "Mpe bibi arusi," akasema. Nikakitia mkobani nikafunga zipu. Niseme ukweli: niliona haya. Nilikuwa nimechapisha kadi zenye jina langu, na sikutaka mtu anikumbuke nikiuza vikuba Marikiti jioni jioni, sinia mapajani.

Usiku wa kupamba, bibi arusi anapoonyeshwa kwa wanawake, ukumbi mweupe pe. Wanawake walipiga vigelegele mlangoni hata kabla hawajamwona bibi arusi, na vigelegele vile vilikuwa vyangu. Kisha akaletwa nyanya ya bibi arusi, kashikwa mkono, macho hayaoni tena. Wakamkalisha mbele. Wajukuu wakamwambia, nyanya, leo ukumbi mzima ni maua. Akageuza uso huku, akageuza kule, akauliza, "Mbona siyasikii?"

Watu wakacheka kidogo, taarabu ikaendelea. Mkoba ulikuwa begani mwangu.

Sikuufungua. Sijui kwa nini. Au najua, nimeshakwambia. Nilifika nyumbani saa nane za usiku, nikavuta zipu, kumbe asumini zote zimechanua humo gizani. Chumba kizima kikanukia. Nyanyako alikuwa macho. Hakuuliza kitu, harufu ilikwisha kumwambia. Tangu siku ile hakunipa kikuba tena cha kumpelekea mtu, na mimi sikumwomba mpaka Mungu akamchukua.

Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka mnichoke: ua ni harufu kwanza, rangi baadaye.

Najua utanijibu, "Mama, mbona hata hizo waridi zako hazikunukia?" Kweli. Waridi zile zimezalishwa kwa safari ya ndege kwenda Uholanzi. Waliochagua aina zake walitaka shina refu na ua la kukaa siku nyingi kwenye chombo, harufu ikaachwa njiani. Kwa hiyo yule kikongwe, ungemkalisha mbele ya waridi zangu ama mbele ya hizo nailoni za mteja wako, asingesikia chochote. Hapo ndipo ninapokwama. Nitakukatazaje?

Tena bandia zina faida zake, tusiwe wabishi. Hazikutii hasara Februari, siku za Valentine bei ya waridi inaporuka. Joto la Mombasa haliziui. Unakodisha wiki hii, unakodisha wiki ijayo. Wala huhitaji lile tofali la kijani la povu la kuchomekea vikonyo, linalokatika vipande vipande na kubaki takataka isiyooza. (Ulinionea huruma nilipokuwa nikikunja senyenge ya kuku badala yake, vidole vyote plasta.) Naona sasa namtetea mteja wako! Lakini kufuta vumbi, Rukia. Ua la kupanguswa vumbi si sawa na kabati?

Uamuzi ni wako, studio ina jina lako. Mimi ningekataa. La, futa hilo. Ningekubali tao, ningekataa jukwaa, maana jukwaani ndipo watu wanapomsogelea bibi arusi na kumbusu. Hata hilo sikusema. Muulize tu kama ana nyanya, na nyanya ataketishwa wapi.

Mwasumini wa uani umechanua hata majirani wanakuja na vikapu. Nilifikiria nichume alasiri nikuwekee kwenye treni ya usiku, lakini zitafika Nairobi zimeshachanua na nyingine zimegeuka kahawia. Nitaleta mwenyewe, mkobani. Niambie tarehe.

Mamako